Maswali ya Mwaka wa Kwanza: Kujifunza Programu za Kutengeneza Tovuti Chuoni

Muhula ukianza, maabara ya kompyuta hujaa maswali yale yale. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya darasa, mengine kwa kunong'ona wenzako wakishatoka. Mimi nasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye maabara ya chuo kimoja hapa Mwanza, na majibu ninayotoa nimeyaweka hapa ili uyasome ukiwa geto, au ndani ya daladala ukitoka Buzuruga kwenda Nyegezi. Utaona nimezungumza sana kuhusu folda na majina ya mafaili, na kidogo kuhusu mapambo. Nimefanya makusudi: maksi nyingi za moduli hii zinapotelea kwenye folda.

Sijawahi kumiliki kompyuta. Nitaiweza moduli hii?

Utaiweza. Kila mwaka wapo wanaotoka Ukerewe au Sengerema wakiwa wameishika kompyuta mara chache tu shuleni, na muhula ukiisha huwezi kuwatofautisha na waliokuja na laptopu mgongoni. Wiki za mwanzo kinachotakiwa ni vidole kuzoea kibodi na macho kuzoea kujua faili liko wapi. Njoo maabara saa ambazo hakuna kipindi, kaa kwenye mashine, andika. Ukingoja bumu litoke ununue laptopu ndipo uanze kujifunza, utakuta darasa limeshafika mbali.

Na tafadhali usiwe yule wa kuvuta kiti pembeni ya mwenzako eti "tunafanya wote". Anayejifunza ni aliyeshika kibodi. Mwingine anaangalia sinema.

Tunasoma programu gani hasa, Dreamweaver au VS Code?

Inategemea mtaala wa chuo chako na leseni zilizopo maabara. Wapo wanaofundisha kwa Dreamweaver, wapo waliohamia Visual Studio Code (VS Code), ambayo ni ya bure na ilitolewa na Microsoft mwaka 2015. Tofauti ya hizi mbili ni ndogo kuliko mnavyoikuza kwenye mabishano ya kantini.

Dreamweaver ilitoka mwaka 1997 chini ya kampuni ya Macromedia, na Adobe wakaja kuinunua kampuni nzima mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha msimbo (yaani code, maandishi yanayoujenga ukurasa) upande mmoja na ukurasa upande wa pili. Ukibofya kichwa cha habari kwenye ukurasa, unaona palepale mstari wake wa msimbo ni upi, na kwa anayeanza hiyo ni msaada mkubwa. VS Code haiji na dirisha la namna hiyo kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, lakini ukiiongezea programu-jalizi ya Live Server, kila ukihifadhi faili kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) kinajionyesha upya chenyewe.

Ila usifunge ndoa na programu. Microsoft walikuwa na FrontPage, ikatamba miaka mingi, wakaiacha. Adobe walikuwa na Muse, wakaisitisha. Walikuwa na Brackets, wakaachana nayo mwaka 2021. Flash Player waliizima mwisho wa mwaka 2020, na mabingwa wa Flash ikabidi waanze kusoma upya. Wakati huo wote HTML aliyoianzisha Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, imeendelea kusomeka. Nakala ya mwaka 1992 ya tovuti ya kwanza duniani bado ipo kwenye anwani ya info.cern.ch, ifungue kwenye simu yako uone. Kwa hiyo mkufunzi akisema mtihani ni wa Dreamweaver, zijue menyu zake upate maksi zako, lakini kichwani hifadhi HTML, na CSS ambayo ndiyo lugha ya mwonekano na mpangilio wa ukurasa.

Naweza kuweka Dreamweaver ya kukraki kwenye laptopu yangu?

Usiweke. Najua leseni ya zaidi ya dola 20 za Marekani kwa mwezi ni pesa ndefu kwa mwanafunzi, lakini hizo za kukraki zinazotembea kwenye flashi ndizo zinazotuletea virusi maabara, mpaka mtu anafungua flashi yake anakuta kila folda imegeuka shotikati. Nyumbani tumia VS Code au Notepad++, Dreamweaver utaikuta chuoni. Faili la HTML ni lile lile, ulilolianzia huku linafunguka kule.

Kwa nini tunaanzishwa na Notepad wakati programu nzuri zipo?

Notepad ni programu ya maandishi matupu inayokuja na Windows. Tunaanza nayo ili uone kwa macho yako kwamba ukurasa wa wavuti ni maandishi tu. Vipindi viwili vinatosha. Kumweka mwanafunzi Notepad mwezi mzima ni kumchelewesha, na najua wapo walimu wasiokubaliana nami kwa hilo.

Nimehifadhi faili kwa jina index.html, lakini nikilibofya linafunguka kama maandishi matupu ya msimbo. Kwa nini?

Kwa sababu jina lake halisi ni index.html.txt. Notepad huongeza .txt usipobadilisha aina ya faili wakati wa kuhifadhi, na Windows huficha mkia huo, kwa hiyo wewe unaona index.html na kuamini. Fungua File Explorer, ingia menyu ya View (kwenye Windows 11 ingia na Show), weka tiki kwenye File name extensions. Sasa utaona jina lote. Libadilishe, ondoa .txt. Siku nyingine ukihifadhi kutoka Notepad, kwenye Save as type chagua All files. Hiyo tiki ya View iache hapo hapo milele, itakuokoa mara nyingi.

Mkuu, picha zinaonekana kwangu, lakini mwalimu akifungua kazi yangu anaona visanduku vitupu. Nimefanya nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nilieleze polepole.

Tuseme unatengeneza tovuti ya mama anayeuza sangara na dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Amekutumia picha kwa WhatsApp, umeishusha kwenye mashine ya maabara, imeingia Downloads. Wewe ukaichukua huko huko Downloads ukaiingiza kwenye ukurasa. Angalia msimbo wako sasa, utakuta kitu kama hiki:

src="file:///C:/Users/Student/Downloads/sangara.jpg"

Umekiambia kivinjari kiende diski C ya mashine hii hii, kwa mtumiaji anayeitwa Student, kwenye Downloads yake. Kwako inafanya kazi kwa sababu umekaa kwenye mashine hiyo. Mwalimu analifungua faili kwenye laptopu yake ambako njia hiyo haipo kabisa. Picha haijaharibika, imebaki Downloads, na kesho fundi wa maabara akisafisha mashine hata kwako itatoweka.

Kabla hujaandika hata herufi moja, tengeneza folda moja ya kazi. Ndani yake weka index.html, folda inayoitwa picha, na folda inayoitwa css. Picha yoyote inanakiliwa kwanza kwenye folda ya picha, ndipo inaitwa hivi:

src="picha/sangara.jpg"

Njia hiyo haitaji diski wala jina la mtu. Inasema tu: hapo ulipo, ingia folda ya picha. Ukiihamisha folda nzima, kila kitu kinahama pamoja.

Kwa wanaotumia Dreamweaver, ingia menyu ya Site, chagua New Site, na pale panapoandikwa Local Site Folder ielekeze kwenye folda yako. Wengi hurukia kutengeneza ukurasa kwa sababu hatua hiyo haionyeshi matokeo yoyote kwenye skrini. Usipoifanya, programu haijui tovuti yako inaanzia wapi, nayo itakuandikia zile njia ndefu za file:///. Ukishaifanya, ukijaribu kuingiza picha iliyo nje ya folda, itakuuliza kama iinakili ndani. Kubali. Na ukitaka kuhamisha faili au kulibadili jina, fanya hivyo ndani ya dirisha la Files la Dreamweaver kwenyewe, maana litakusahihishia na viungo vyote vinavyolitaja. Ukihamishia kwa File Explorer, viungo vinakatika kimyakimya.

Kuna mtego wa pili. Kamera nyingi na baadhi ya simu huandika mkia wa picha kwa herufi kubwa, Sangara.JPG, na wewe kwenye msimbo umeandika sangara.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo maabara picha inaonekana. Seva nyingi za intaneti, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, zinatumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Ndiyo maana tovuti inakuwa salama kabisa mpaka siku unapoipandisha hewani. Andika majina yote kwa herufi ndogo, na badala ya nafasi weka kistari: sangara-mkubwa.jpg. Majina kama "Picha ya sangara (1) final FINAL.JPG" yaache huko huko WhatsApp.

Kabla ya kukusanya kazi, inakili folda nzima kwenye flashi, ichomeke mashine ya jirani yako, fungua kutoka hapo. Kinachoonekana hapo ndicho mwalimu atakachokiona.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Itaniathiri?

Kidogo tu. Tegi (alama za HTML zinazotaja kila sehemu ya ukurasa) utakazotumia muhula mzima hazifiki hamsini, na nyingi ni herufi mbili tatu: p, h1, img, a, ul, li. Tena kinachowaponza zaidi ni wale wenye Kiingereza kizuri cha shule. Sisi tumefundishwa tahajia ya Uingereza, CSS imeandikwa kwa tahajia ya Marekani. Mwanafunzi anaandika colour: red, maandishi yanabaki meusi, anahangaika nusu saa nzima. Ni color. Na ni center, siyo centre. CSS ikikutana na neno isilolijua hailalamiki, inaliruka tu na kuendelea, kwa hiyo hutaona ujumbe wowote wa kosa.

Majina unayotunga mwenyewe yaandike Kiswahili ukipenda. Darasa la CSS (class, jina unalolipa kundi la vitu vya ukurasa) linaloitwa bei-ya-leo linafanya kazi sawasawa na lingine lolote, na utalikumbuka vizuri zaidi. Ukurasa ukiwa wa Kiswahili, kwenye tegi ya html andika lang="sw". Hapo programu zinazowasomea wasioona zitajua ni lugha gani, na kivinjari hakitabahatisha kwamba umeandika lugha nyingine.

Kila nikiweka neno "ng'ombe" au "ng'ambo" kwenye JavaScript, ukurasa unakufa. Kuna shida na Kiswahili?

Kiswahili hakina shida, wala JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, haina shida; shida ni alama ulizozungushia maneno. Umeandika 'Kivuko cha ng'ambo'. Kivinjari kikifika kwenye kile kikato cha ng' kinadhani maneno yameishia hapo, kisha kinakutana na "ambo" kisijue ya nini. Zungushia alama mbili: "Kivuko cha ng'ambo". Basi.

Lipo tatizo la ndugu yake. Ukinakili msimbo kutoka kwenye desa (nukuu za wenzako) lililoandikwa kwa Word, Word huwa imezigeuza alama zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na kivinjari hakizitambui zilizopinda. Kwa jicho zinafanana sana. VS Code itakusaidia kwa rangi: mstari ambao rangi yake haifanani na ya wenzake, uangalie alama zake kwanza.

Madesa ya kaka zetu yanapanga ukurasa wote kwa jedwali. Bado inaruhusiwa?

Ukurasa utaonekana, lakini ni mtindo wa zamani na kwenye simu unakuwa kero. Ukiona desa lina tegi za font na center, jua lina umri. HTML5, iliyopitishwa rasmi mwaka 2014, haizitambui tena kama njia halali ya kuandika. Siku hizi mpangilio unafanywa na CSS, kwa mbinu zake za Flexbox na Grid. Grid iliingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017, kwa hiyo desa la kabla ya hapo kwa kawaida halina. Jedwali lenyewe bado lina kazi yake: bei za samaki kwa kilo, ratiba ya kivuko, matokeo ya ligi. Chochote ambacho ungekiandika kwa mistari na safu kwenye daftari, kiweke kwenye jedwali.

Kuna hesabu?

Kuna za kujumlisha. Ukipa kisanduku upana wa 300px (pikseli), padding, yaani nafasi ya ndani, ya 20px kila upande na mpaka wa 1px, kitachukua 342px, na ndiyo maana kinasukumwa chini ya mwenzake. Andika box-sizing: border-box mwanzoni mwa CSS yako, 300 itabaki 300.

Naweza kufanya moduli nzima kwa simu?

Nzima, hapana. Dreamweaver haipo kwenye simu. Lakini HTML na CSS unaweza kuziandika kwenye simu ya Android kwa programu kama Acode au Spck, na nimeona kazi nzuri zikianzia huko. Simu ina faida nyingine ambayo laptopu haina: wateja wako wengi watakuwa nayo mkononi. Kazi yako ukiijaribu kwenye skrini pana ya maabara tu hujaijaribu bado. Hakikisha sehemu ya head ina mstari huu:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Ukiusahau, simu itaufanya ukurasa kana kwamba uko kwenye skrini ya kompyuta kisha iusinyaze wote, herufi ziwe kama punje za mtama.

Umeme unakatika na bando linaisha. Nifanyeje?

Ctrl na S kila baada ya mistari michache, au washa Auto Save ndani ya VS Code. Kuhusu bando, VS Code yenyewe ni kama MB 100 kuipakua, pakua kwa Wi-Fi ya chuo mara moja. Baada ya hapo kuandika HTML na kuiona kwenye kivinjari hakuli bando hata kidogo. Faili liko kwenye mashine yako, kivinjari kinalisoma hapo hapo.

Mradi wa mwisho nifanye kuhusu nini?

Fanya juu ya mtu au mahali unapoweza kufika kwa miguu au kwa daladala, uulize maswali mwenyewe. Fundi cherehani wa Makoroboi. Mama lishe wa karibu na hosteli yenu. Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na unakiona ukiwa mjini. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Ukiwa na habari za kweli, ukurasa unajipanga wenyewe: unajua ni kurasa ngapi, picha zipi, nini kianze. Asiye na habari ndiye anayejaza maandishi ya Kilatini yasiyo na maana na picha za Wazungu wakitabasamu ofisini.

Ombi langu binafsi: Jiwe la Bismarck ni zuri na sote tunalipenda, lakini si lazima likae juu ya kila tovuti inayotengenezwa Mwanza. Ya saluni pia? Ya fundi simu pia?

Mkufunzi kasema tovuti yangu ni nzito. Maana yake nini?

Maana yake hukupunguza picha. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuwa MB 4, na upana wake ni pikseli elfu kadhaa. Weka ishirini za namna hiyo, mgeni anatumia MB 80 kuangalia ukurasa mmoja. Nani atakupa bando lake hivyo?

Kuandika width="400" kwenye img hakupunguzi uzito. Picha inashuka yote, MB 4 zote, kisha inaonyeshwa ndogo. Ipunguze yenyewe kabla ya kuiweka kwenye folda: fungua kwa GIMP au hata Paint, shusha upana mpaka pikseli 1,200 au pungufu, hifadhi kama JPG au WebP. Mara nyingi inashuka mpaka KB 150 hivi, na zile ishirini zako zinakuwa MB 3. Nembo na michoro yenye rangi chache vihifadhi kama PNG au SVG. Picha ya samaki usiihifadhi kama PNG, itanenepa bure.

Ukiwa hapo hapo, andika alt kwa kila picha. Siyo alt="picha1", bali maneno ambayo mtu asiyeiona angependa kuambiwa: alt="Dagaa wakianikwa kwenye vichanja, Kirumba".

Rangi gani zinafaa?

Chache. Kuhusu uzuri siwezi kukuamulia, ila kuhusu kusomeka kuna kipimo. Mwongozo wa kimataifa unaoitwa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, ambacho wanafunzi wanakipenda kwa sababu "kinaonekana kistaarabu", kinapata kama 2.8 tu. Kijivu cha #767676 kinavuka kwa taabu. Ndani ya maabara yenye mapazia vyote viwili vinasomeka. Sasa toka nje saa saba mchana, simama ufukweni jua likipiga majini, uishike simu uone kama unasoma bei.

Nikichukua msimbo wa mwenzangu au wa ChatGPT, nitagundulika?

Mara nyingi ndiyo, na njia ni rahisi mno. Siku ya kuwasilisha, mkufunzi anakuambia: badilisha rangi ya menyu iwe kijani, sogeza picha kulia. Aliyeandika mwenyewe anaenda mstari unaohusika. Aliyedesa anaanza kukohoa. Wengine hubaki na jina la mwenzao kwenye title, au na maelezo ya Kiingereza fasaha ndani ya msimbo wakati mwenyewe hajui yanasema nini.

Mimi siyo adui wa hizo zana. Ziulize zikueleze mstari usiouelewa, au zikutafutie tegi uliyosahau kufunga. Lakini kazi ya kwanza iandike kwa vidole vyako, hata ikitoka mbaya. Kanuni za chuo chako kuhusu hili zisome pia, maana zinatofautiana, na wapo waliodisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa udanganyifu ambao wangeweza kuepuka.

Nitaiwekaje tovuti yangu hewani bila pesa?

Tovuti ya HTML na CSS pekee inakaa bure kwenye GitHub Pages. Unafungua akaunti, unapakia folda yako, na ukurasa wa kwanza lazima uitwe index.html, kwa herufi ndogo. Hapo ndipo utakapojua kama ulinisikia kuhusu Sangara.JPG.

Ukitaka jina lako mwenyewe la tovuti, yaani domeni, ndipo unalipa. Majina ya Tanzania yanaishia na .tz: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa taasisi zisizo za kibiashara, .ac.tz kwa vyuo, .go.tz kwa serikali. Unanunua kwa wakala wa usajili na kulipia kila mwaka. Kumbuka domeni na sehemu ya kuhifadhia mafaili ni malipo mawili tofauti, hata kama wakala ni mmoja.

Nimepata mteja wangu wa kwanza, nimtoze kiasi gani?

Tenganisha hesabu. Gharama ya domeni na ya kuhifadhi tovuti ni pesa ya watu wengine, aitoe kabla hujaanza. Kazi yako ni hesabu ya pili, chukua nusu mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi. Domeni iandikishwe kwa jina na barua pepe ya mteja, siyo yako. Baada ya mwaka utakuwa umehitimu, umebadili namba, na mfanyabiashara wa watu anahangaika na jina la biashara yake lililofungwa kwenye akaunti usiyokumbuka nywila yake. Andikianeni kwenye karatasi ni kurasa ngapi na marekebisho mangapi, la sivyo shangazi atakupigia kila Jumapili akitaka kubadilishiwa picha.

Mteja anataka fomu ya oda. Nimeitengeneza vizuri lakini nikibofya "Tuma" hakuna kinachokwenda popote.

HTML inachora fomu tu, haipokei. Ili maelezo yafike mahali lazima kuwe na programu upande wa seva, kwa mfano PHP, na hiyo ni moduli ya muhula mwingine. Kwa sasa mwekee kiungo cha WhatsApp: https://wa.me/ ikifuatiwa na 255 na namba yake bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Mnunuzi akibofya, mazungumzo yanafunguka. Wauzaji wengi wa Mwaloni watakipenda kuliko fomu, kwa sababu oda inaingia mahali wanapoangalia tayari.

Siku utakapoweza fomu za kweli, usijaze visanduku kwa mazoea. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anabeba wajibu wa kuzitunza. Nimeona fomu ya mwanafunzi ya kuagiza ndoo mbili za dagaa ikidai tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA na hali ya ndoa. Jina, simu, kiasi, na mahali pa kupeleka mzigo vinatosha.